Mbuzi wa Lokwang

Siku mliyoniaga pale maabara, baada ya keki na hotuba, Chebet wa mapokezi aliniuliza kwa nini kwetu mtu hatolewi damu ya utafiti mpaka kwanza anywe chai na apewe kitu cha kutafuna, ilhali kwingine mtu huchomwa akatoka zake na pamba mkononi. Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema, "Basi iandike, Bi Rehema. Kwani sasa una kazi gani?" Iliniuma kidogo, maana ni kweli, sina kazi. Kwa hivyo naandika, na kosa ni la Chebet.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ni ule ule wenu ukiwa mwembamba zaidi.

Nilipangiwa Lodwar katikati ya miaka ya tisini. Mimi mtoto wa Kuze, Mombasa, nilikuwa sijawahi kuipita Nakuru. Mama yangu alinifungia mzigo kama mtu anayekwenda kuolewa: leso, udi, viungo vya pilau, na mbuzi ya kukunia nazi. Basi letu kutoka Kitale lilikwenda likifuata lori la askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa njiani, na mimi nimeipakata mbuzi yangu, nasoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani na nyingine nazitunga. Nilipofika, mkuu wa maabara, Bwana Wafula, aliitazama ile mbuzi, akanitazama mimi, akatazama nje kwenye mchanga ambako hapakuwa na mnazi hata wa kusingizia.

"Bi Rehema," akasema, "mbuzi huku tunao. Ulichosahau ni nazi."

Wafula alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye sauti ya mhubiri, na katika miaka yote ya kufanya naye kazi nilimwona akicheka mara moja tu. Aliwaachia wengine kazi hiyo. Ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, na alianza siku ile ile. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hivyo hadubini yetu ilitumia kioo kidogo cha kunasa mwanga wa dirishani. Ukikigeuza vibaya unaona giza, ukikigeuza vibaya zaidi unapofuka. "Jua," Wafula alisema, "ndicho kifaa pekee hapa ambacho hatujawahi kukiombea ufadhili."

Damu tuliizungusha kwa mashine ya mkono iliyobanwa ukingoni mwa meza, unasokota kishikio mpaka bega linakuapiza. Friji ilikuwa ya mafuta ya taa. Chini unawasha moto, juu kunapoa, na hadi leo nimestaafu sijaelewa inavyowezekana. Utambi usipokatwa sawasawa, friji ilitoa moshi kama jiko la mandazi, na damu za watu zikaanza kunuka taa. Nilijifunza kuukata utambi kabla sijajifunza kusalimia. Salamu yenyewe ni "Ejok?" na unajibu "Ejok," halafu unaombwa tumbaku. Usikasirike ukiombwa. Huko mtu akikuomba kitu maana yake amekuhesabu kuwa mtu. Asiyeombwa kitu ndiye wa kuhurumiwa.

Sasa ugonjwa. Nyinyi mnaujua kwa jina lake refu, sisi tuliuita vifuko. Mbwa hula matumbo ya mbuzi aliyechinjwa, mdudu mdogo akaota ndani yake, na mayai ya mdudu yakatoka na kinyesi. Yanamfikia mtu kwa mikono au kwa maji. Ndani ya tumbo la mtu hujenga kifuko cha maji, kikakua taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka msichana ambaye hajaolewa anatembea kama mja mzito na watu wananong'ona. Mashine ya kupiga picha ya tumbo ilikuwa moja, ya kuazima, na kwa lile joto ilikuwa ikizirai kabla ya mgonjwa. Kwa hivyo utafiti wetu ulitaka mambo mawili. Kwanza, kujua kama damu peke yake inaweza kusema nani ana kifuko, hata pale pasipo mashine. Pili, kujua kama vidonge fulani, vikimezwa bila kukatizwa, vinaweza kumlegeza mdudu kabla ya upasuaji.

Fedha za kazi hii zilikuja kwa kijiko cha chai. Maradhi mengine yalikuwa na makongamano, fulana na kofia. Letu lilikuwa na Wafula. "Kosa la mdudu wetu," alikuwa akisema, "ni kwamba hapandi ndege. Angefika Ulaya mara moja tu, akamkamata mtu mwenye nacho, leo tungekuwa na maabara ya ghorofa."

Katika waliotolewa damu kulikuwa na msichana aitwaye Akiru, wa boma la ng'ambo ya mto Turkwel. Tumbo lake lilikuwa limevimba upande wa ini, na alikuwa ameanza kumeza vidonge vyetu. Kulikuwa na watu waliokuja kumposa, wakaliona tumbo, wakarudi na ng'ombe zao. Mama yake, Mama Akiru, alikuwa mwanamke mrefu mwenye shanga mpaka kidevuni na Kiswahili alichokiokota kwenye soko la Kakuma. Alinipenda. Najua alinipenda kwa sababu aliniomba leso, viatu, saa, na siku moja mbuzi yangu ya kukunia nazi, ingawa hakujua ni ya nini. Leso nilimpa.

Basi ikaja habari kwamba mfuko uliokuwa ukitupatia fedha, huko Ulaya, unamleta mtu kutuangalia. Alikuja kwa ndege ndogo: Daktari Anton, mrefu, mweupe, mpole, mwenye kofia pana na chupa ya maji kiunoni. Tukiwa ndani ya gari kuelekea Turkwel akamwambia Wafula, kwa upole ule ule, kwamba wamepokea maombi mengi mno, na huenda yetu yakafungwa. "Tatizo lenu," akasema, "ni kwamba wagonjwa wenu ni wachache, na wako mbali."

Wafula akauliza, "Mbali na wapi, Daktari?"

Anton akafungua chupa yake ya maji, akanywa. Tukaendelea mpaka bomani. Nilikuwa nikimfikiria Akiru na vidonge vyake.

Mpango ulikuwa mgeni aone jinsi tunavyotoa damu. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa kivulini, watoto wamepangwa, kiti cha kukunja kimewekwa, nami nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi ya makaa. Nikamwita Mama Akiru wa kwanza, ili wengine wapate moyo. Akaja, akaketi, akaukunja mkono kifuani.

"Hapana," akasema.

"Mama Akiru, si tulisikizana jana?"

"Jana mimi hapana ona huyu." Akamwonyesha Anton kwa kidevu. "Huyu ndio mwenye kazi?"

"Ndiye."

"Uliza yeye. Mimi nikitoa ng'ombe damu, nafanya nini baadaye?"

Kwa mnaotoka pande nyingine: Waturkana humtoa ng'ombe damu shingoni kwa mshale, wakaichanganya na maziwa wakanywa, kisha jeraha likazibwa. Ng'ombe huyo hapelekwi kwenye mawe. Hupelekwa penye majani na maji mpaka anenepe, na hatolewi tena kabla ya wakati wake. Wafula alitafsiri yote hayo kwa Kiingereza cha mahubiri.

"Nyinyi natoa damu yetu tangu wakati ya mvua," Mama Akiru akaendelea. "Majani iko wapi? Tena mnatoa sisi, sisi iko nyembamba. Mtu ya akili natoa ng'ombe ile imenona. Kwa nini huyu natoka kwao, watu wamenona, anakuja kutoa damu ya nyembamba?"

Wanawake wote wakaitikia kwa koo. Lahaula. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ya Turkana ni ngumu. Ikiwa hakuna damu, hakuna utafiti, na mgeni amekuja na kalamu ya kufungia.

Anton akauliza wanasema nini. Wafula akamwambia neno kwa neno, hakupunguza hata chumvi. Labda yule bwana aliona njia ya kuwatuliza. Akakunja mkono wa shati, akaketi kwenye kile kiti cha kukunja, akaninyooshea mkono. "Waambie haiumi," akasema. "Anza na mimi."

Mtu huyu alikuwa ameidhinisha damu za maelfu ya watu kwa sahihi yake. Sijui kama yake mwenyewe alishawahi kuitazama. Kabla sijafunga mpira mkononi mwake aliniuliza kama nimemaliza. Nilipochoma, alilitazama paa la kibanda kwa makini kama anataka kulinunua. Nikajaza kichupa, nikakiinua kila mtu akione, wanawake wakasogea kuhakikisha kwamba ni nyekundu.

Mama Akiru akasimama. "Sawa," akasema. "Huyu sasa ametolewa damu kwetu. Sisi hapana fanya kama nyinyi."

Akaingia boma la mifugo, akatoka anavuta mbuzi jike mwenye afya, akamfunga kwenye mguu wa kile kiti. Ile ndiyo ilikuwa fidia ya damu. Jirani yake, asiyetaka kushindwa na Mama Akiru mbele ya wageni, akaleta wake. Wa tatu akaleta wake na mtoto. Kabla maji ya chai hayajachemka Daktari Anton alikuwa amezungukwa na kundi, na mmoja anaitafuna kamba ya kofia yake.

Akasema kwa unyenyekevu kwamba kanuni za ofisi yao haziruhusu kupokea zawadi.

"Hii hapana zawadi," Mama Akiru akasema. "Damu imetoka?"

Imetoka.

"Akienda bila kitu, sisi ni nani?"

Wafula akageuka. "Daktari, mama anauliza kama unawaita wezi."

Akapokea mbuzi wote. Nyuso zikakunjuka, mikono ikakunjuliwa, na nilitoa damu mpaka vichupa vikaniishia. Tangu siku ile, Chebet, hakuna aliyetolewa damu kwetu kabla ya chai na kitu cha kutafuna. Wakati wa kuondoka akauliza mbuzi wake watasafirije. Mama Akiru akamuuliza kama ndege yake ina majani. Haina. "Basi nakaa na mimi. Ni yako. Ikizaa, watoto ni yako." Akampa na jina, Lokwang, la fahali mweupe wa marehemu mumewe. Kwa maelezo yake fahali yule alikuwa mkubwa, mpole, na hakuwa na akili nyingi, lakini alipendwa sana.

Garini Anton aliendelea kupangusa mate ya mbuzi kwenye kofia yake mpaka tulipovuka mto. Kisha akasema, "Ile taarifa ya kuwafunga nitaiandika upya."

Na aliiandika, msije mkamdhania vibaya. Tukapata habari kwamba tumekubaliwa kuendelea. Tukanywa soda za baridi kutoka kwenye friji ya damu, jambo ambalo nyinyi msilifanye. Tatizo ni kwamba fedha zilizokubaliwa si fedha zilizofika. Kamati moja ilitaka maoni ya kamati nyingine, nayo ile ya pili ilikuwa likizoni. Fedha za zamani zikaisha, mpya hazionekani. Mafuta ya friji yakaisha, gari likawekwa juu ya mawe. Mbaya zaidi, vidonge vya Akiru vikawa vinakaribia mwisho wa kopo. Daktari wa upasuaji, aliyekuwa akija kwa ndege msimu hadi msimu, alikuwa ametuonya: vidonge visikatizwe. Kifuko kikipasuka mezani kabla mdudu hajalegea, msichana anaweza kufa pale pale.

Wafula alinituma nikamwambie mama yake. Alisema habari mbaya hupokelewa vyema kutoka kwa mtu wa Pwani, kwa kuwa tunaizungushia maneno. Nilikwenda kwa miguu na mwavuli. Nikamsalimia, nikamuuliza mifugo, nikamuuliza mvua, nikamsifu shanga.

"Sema," akasema.

Nikashindwa. Nikalia, mtu mzima mimi, nimevaa koti la serikali. Akiru mwenyewe alikuwa ameketi pale anasuka kikapu cha majani ya mkoma, mkono mmoja kwenye lile tumbo. Ndiye aliyeniletea maji.

"Pesa imechelewa," nikasema mwisho.

"Ya nani?"

"Ya Lokwang."

Mama Akiru akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyekaa juu ya kiatu anachokitafuta. "Lokwang iko na mbuzi," akasema.

Na kweli. Wale mbuzi walikuwa wamezaa, na watoto wao wamekua. Nilirudi mbio kwa Wafula. Akashika kichwa. Kuuza mali ya mfadhili bila idhini yake! Alitaka tupige simu Ulaya, tukapanga foleni posta, simu ikalia kwenye ofisi ambayo watu wake wameshakwenda nyumbani. Mama Akiru, aliyekuja nasi akiwa na fimbo yake, hakuelewa tunachongoja.

"Tunaomba ruhusa yake," nikamweleza.

"Lokwang tulitoa yeye damu, tukalisha yeye," akasema. "Ng'ombe naulizwa?"

Wafula akaweka simu chini.

Lodwar bei ilikuwa mbaya, kila mtu anauza kwa sababu ya ukame. Kakuma ndiko kulikokuwa na walaji: wakimbizi wa kambini, wafanyakazi wa mashirika, na madereva wa njia ya Lokichoggio. Tukapata lori. Mbele hapakuwa na nafasi, kwa hivyo nilikaa nyuma na kundi, Mama Akiru upande mmoja, mbuzi dume kichwa chake begani kwangu, mdomo wake una harufu siwezi kuieleza. Mtoto wa Kuze! Mama yangu angeniona angenisomea Yasini.

Mchinjaji tuliyeelekezwa alikuwa Deng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mrefu hata kuliko Mama Akiru, mwenye msalaba wa mbao shingoni na kibanda cha mabati. Aliwapapasa mbuzi mgongoni, akaridhika.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya mzungu," Mama Akiru akajibu.

Deng akaondoa mikono. "Malesh, samahani mama. Mbuzi ya mzungu nyuma yake nakuja askari. Mimi mkimbizi, mimi hapana taka maneno."

Nikaingilia kwa Kiswahili changu kirefu. Nikamweleza maabara, damu, kiti cha kukunja, mkono wa Anton, na kwamba hawa mbuzi ni malipo ya kichupa kimoja kidogo. Deng alisikiliza kisu mkononi. Nilipomaliza, akavuta mkono wa shati, akauonyesha mkono wake wote.

"Mimi nilivuka mpaka, wakanitoa damu," akasema. "Nikafika kambini, wakanitoa. Wakaja wengine na kalamu, wakanitoa tena. Majibu mimi hapana sikia. Sasa mbuzi yangu iko wapi?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Mimi nilicheka kwa aibu. Alinunua kundi zima kwa bei ya haki, ila aliniapisha kwamba majibu ya utafiti wetu nitayaleta mimi mwenyewe nimsomee. Niliyapeleka miaka baadaye. Alisikiliza mpaka mwisho, akanikatia nyama ya nyuma bila kupima.

Vidonge vikaja na dereva wa basi la Kitale, chini ya kiti chake, pamoja na vifaranga. Mafuta ya taa yakapatikana, friji ikarudia miujiza yake, gari likashuka kwenye mawe. Akiru alimeza mpaka kidonge cha mwisho. Daktari alipofika akampasua, nami nilikuwa pale nimeshika beseni. Kifuko kilitoka kizima, kama yai la mbuni lililomenywa, hakikuvuja hata tone. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na daktari akaniomba ninyamaze.

Kamati zilipomaliza kusikizana, fedha zikafika, na nyuma yake akafika Anton. Alikuwa amekonda kidogo na ana haya. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akamuuliza Wafula tuliendeleaje katika ile miezi bila fedha, maana katika taarifa hakuna siku iliyorukwa. Kazi nyingine kama zetu, alisema, zilikufa katika shimo kama lile.

"Tulipata mfadhili," Wafula akasema.

"Nani?"

"Wewe, Daktari."

Tukampeleka ng'ambo ya Turkwel akaelezwe na wenyewe. Aliketi kwenye kiti kile kile. Mama Akiru akamsimulia lori, Kakuma na Deng, nasi tukatafsiri kwa zamu. Anton alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akauliza, "Kwa hivyo sasa nina mbuzi wangapi?"

"Wote wameuzwa," nikamwambia. "Huna."

Mama Akiru akataka kujua amesema nini. Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. Akamtazama yule bwana kuanzia kofia mpaka viatu, kwa huruma ambayo sijapata kuiona usoni mwake, hata siku ile nilipomlilia.

"Hana hata moja?"

"Hana."

"Na kule kwao?"

Nikamuuliza Anton. Akatikisa kichwa.

Mama Akiru akaita. Akiru akatoka bomani, mwembamba kama fito, shanga mpya za mchumba shingoni, anavuta mbuzi jike mchanga, mweupe. Akaiweka kamba kwenye kiganja cha Anton, akamkunja vidole kimoja kimoja ili asiiachie. Habari za kanuni za ofisi hazikutajwa siku ile.

Mama Akiru akanivuta kando, akashusha sauti ili mgeni asiaibike.

"Bi Rehema, huyu mtu iko maskini sana," akasema. "Nyinyi watu wa ofisi, nyinyi nasaidia yeye aje?"

Nikageuka kumtafuta Wafula anisaidie jibu. Alikuwa ameinama nyuma ya gari, ameshika mbavu, anacheka.